Barua ya wazi kwa vijana wetu wa Doha kuhusu ndugu zetu Wanepali

Wanangu wapendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Nimesikia kwamba katika vikundi vyenu vya maombi baadhi yenu mmeanza kuwabana Wanepali mnaolala nao chumba kimoja, wale waliompokea Yesu juzijuzi, mkiwaambia kwamba atakayekwenda likizo wakati wa Dashain, sikukuu kubwa ya Kihindu ya Nepal, akakubali tika ya wazazi wake ameurudia upagani. Huko Doha nilifanya kazi miaka mingi na watu hao nilikaa nao, naomba mnisikilize.

Tika ni mchele uliochanganywa na mtindi na rangi nyekundu. Siku ya kumi ya Dashain, baba au bibi huuchota kwa vidole, akaubandika kwenye paji la uso la mtoto, akampachika majani machanga ya shayiri na kumtamkia baraka. Kwa kuwa baraka hiyo inafungamana na ibada ya Durga, mungu wa kike wa Wahindu, Wakristo wengi wa Nepal huikataa, lakini anayeikataa huonekana machoni pa mama yake kuwa ameukataa mkono wa mzazi, na sisi tuliolelewa kuogopa kukosa radhi za wazazi tunajua uzito wake. Rafiki yangu mmoja, mtu wa Gorkha huko Nepal, aliinama mbele ya baba yake akaomba awekewe mkono mtupu kichwani. Mzee alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauweka. Njia hiyo aliitafuta mwenyewe pamoja na kanisa la kwao; hakuelekezwa na yeyote kati yetu.

Kanisa lao si la kufundishwa na wageni kila hatua. Mwaka 1769, baada ya mfalme Prithvi Narayan Shah kuliteka Bonde la Kathmandu, mapadri Wakapuchini, wa shirika la Kikatoliki, walifukuzwa pamoja na waumini wao, na nchi haikufungua milango hadi baada ya 1951. Sensa ya 2021 ilihesabu Wakristo zaidi ya 500,000, na wengi wao hueleza kwamba waliamini baada ya mgonjwa wa nyumbani kuombewa akapona. Husali Jumamosi, siku yao ya mapumziko, wakiwa wamevua viatu na kuketi chini, ngoma ya madal ikipigwa. Krismasi hukaanga sel roti, mkate wa duara wa unga wa mchele, ule ule wa Dashain na Tihar, sikukuu yao ya taa. Nanyi mnaushuku mkate huo, wakati pilau yetu huliwa Idi na Krismasi bila mtu kuuliza ni ya dini gani!

Linalonikosesha usingizi zaidi ni picha za ubatizo wao mnazosambaza. Sheria ya jinai ya Nepal iliyoanza kutumika 2018 inampa anayembadilisha mwenzake dini kifungo cha hadi miaka 5 na faini ya hadi rupia 50,000. Picha ya ubatizo yenye jina la mchungaji wa kwao huweza kumponza mtu msiyemjua. Tafadhali zifuteni zote wiki hii, kabla wenzenu hawajaanza kusafiri kwenda Dashain.

Ni mimi mzee wenu, niwaombeaye kila siku.