Risala ya Walimu kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Nne

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule, Mkuu wa Shule, wazazi na walezi, wahitimu wetu wapendwa,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Nawe tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kuketi nasi. Risala hii ina jambo moja tu: namna tunavyotumia vifaa vya TEHAMA kufundishia, na tulivyojifunza kuvitumia baada ya kukosea.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 vilipokabidhiwa kwa walimu, tulivipokea kwa shangwe. Tulipakua vitabu kutoka Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, tukatafuta video, tukaazima projekta. Wanafunzi walitazama kimya kipindi kizima, tukadhani wameelewa. Jaribio la mwisho wa mwezi likatuumbua. Rangi za picha walizikumbuka, lakini njia ya damu ndani ya moyo wengi walishindwa kuieleza.

Tulilipeleka suala hilo kwenye vikao vyetu vya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Mwalimu mmoja wa Baiolojia akakubali tukae nyuma ya darasa lake, tuwatazame wanafunzi badala ya kumtazama yeye. Tunamshukuru sana, maana si rahisi kufundisha mbele ya wenzako.

Leo somo lile lile linakwenda hivi. Video ni ya dakika tatu, sauti imezimwa. Damu ikifika upande wa kulia wa moyo, mwalimu anasimamisha picha na kuuliza: "Sasa inakwenda wapi?" Kila mwanafunzi anaandika jibu kwenye kipande cha boksi na kukiinua juu. Mwalimu anaona papo hapo kwamba wengi wanaipeleka damu mwilini moja kwa moja, bila kupita mapafuni. Hawasahihishi. Anawataka wageukiane wawili wawili wabishane, kwanza kwa Kiswahili, kisha waandike sentensi mbili kwa Kiingereza. Darasa linachangamka, vipande vinainuliwa tena, na majibu yamebadilika. Hapo ndipo video inaendelea.

Hilo la lugha tunaomba tulisisitize. Watoto wengi wanatoka shule za msingi walikosoma kwa Kiswahili. Wakinyamaza, mara nyingi jibu wanalo ila neno la Kiingereza hawana. Tangu tuwape nafasi ya kubishana kwanza, wanaonyoosha mikono si wale wale tu wa dawati la mbele.

Baada ya hapo darasa linahamia uwanjani. Vishikwambi vya walimu hukusanywa kwenye kikapu, kila kundi likapata kimoja cha kuhesabia sekunde. Wanashika kifundo cha mkono, wanahesabu mapigo, wanazunguka uwanja mbio, wanahesabu tena kila dakika hadi yatulie, kisha wanachora grafu. Binti ambaye hatukuwahi kumsikia akiuliza swali ndiye aliyetaka kujua kwa nini mapigo ya mlinda mlango wa timu ya shule yanatulia mapema kuliko yake. Swali hilo likatufundishia kipindi kilichofuata.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto zipo. Umeme ukikatika asubuhi, kikapu kinabaki ofisini. Bando tunanunua kwa fedha za mifukoni mwetu. Vishikwambi kadhaa vimepasuka vioo na hatuna fungu la kuvitengeneza.

Tunaomba utusaidie kupata sola na betri za chumba kimoja tu, tuweze kuchaji vifaa na kuwasha projekta. Tunaomba pia jambo lisilohitaji fedha: utuunge mkono ili ratiba itenge angalau kipindi kimoja kwa wiki cha mwalimu kukaa darasani kwa mwenzake. Kati ya maombi yetu yote, hili ndilo tunalolitamani zaidi, kwa sababu mabadiliko tuliyoyaeleza yalianzia kwenye kiti cha nyuma ya darasa.

Kabla hujaondoka, karibu maabara ya Baiolojia. Kidato cha pili wamebandika grafu zao ukutani na wameacha nafasi moja wazi. Wanaomba kupima mapigo yako ya moyo ukiwa umeketi, na tena ukishapanda ngazi za jengo la utawala.

Tunaomba kuwasilisha.

Walimu wa shule