Mbeleko ya mtoto mchanga ipimwe kwa kidevu chake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji ili nieleze machache kuhusu uchaguzi wa mbeleko za watoto wachanga, jambo ambalo wazazi wengi, nami nikiwamo, tumelifanya kwa kutazama picha na kuamini maneno ya muuzaji. Kila mbeleko inayotangazwa husifiwa kuwa ni ya starehe, lakini tangazo halisemi starehe hiyo ni ya nani, wala hupimwa kwa kipimo gani. Mnunuzi hugusa kitambaa akakiona laini, humwona mtoto pichani amejikunja na kulala fofofo, kisha hutoa fedha zake akiamini kuwa ameona yote ya kuonwa.

Mbeleko yangu ya kwanza ilikuwa ya mfuko, yaani kitambaa kinene kilichoshonwa kwa umbo la chungu, chenye lastiki kwenye ukingo na mkanda mmoja wa kupitisha begani, ambamo mtoto hulazwa chali kama aliye kwenye machela. Mwanangu alikuwa na umri wa siku kumi na mbili. Alitulia upesi mno hata nikajipongeza moyoni, nikaendelea na shughuli zangu, mpaka mama mkwe wangu aliyekuwa ameketi karibu akauliza, "Huyu mtoto mbona anakoroma kama mzee?" Nilipoufunua ukingo wa kitambaa nilikuta kidevu chake kimegandamana na kifua, mgongo umepinda kama upinde, na kila pumzi inatoka na mlio mwembamba. Nilimtoa nikamweka wima kifuani pangu, na mlio ukakoma papo hapo. Hakudhurika, lakini mbeleko ile haikurudi tena begani mwangu.

Kilichomfika mwanangu kina maelezo mepesi ambayo ningependa niwe nimeyapata kabla ya kununua. Kichwa cha mtoto mchanga ni takriban robo ya urefu wa mwili wake wote, na misuli ya shingo yake haina nguvu ya kukiinua kinapoanguka mbele. Njia yake ya hewa ni nyembamba na laini, hivyo kidevu kinaposhuka kifuani njia hiyo hupinda na kubanwa, kama mpira wa maji uliokunjwa, hata kama pua na mdomo viko wazi kabisa. Mtu mzima akikosa hewa usingizini huamka akajigeuza, ilhali mtoto wa wiki mbili hawezi kujigeuza, na kilio nacho huhitaji hewa. Ndiyo maana hatari hii huja kimyakimya, na ndiyo maana utulivu wa mtoto ndani ya mbeleko hautoshi kuwa ushahidi kwamba yuko salama. Hatari ya pili ni pua na mdomo kuzibwa na kitambaa au na kifua cha mbebaji, nayo hutokea zaidi pale kitambaa kinapolegea na mtoto akazama ndani.

Haya si maneno ya mama mmoja aliyeingiwa na hofu. Mnamo Machi 2010, tume ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa ilitoa onyo baada ya kubaini vifo visivyopungua 14 vilivyohusishwa na mbeleko za kupitisha begani katika miaka 20 iliyotangulia, na watoto 12 kati ya hao walikuwa hawajatimiza miezi minne. Mwezi huohuo mbeleko za mfuko zipatazo milioni moja ziliondolewa mikononi mwa watumiaji nchini humo, na baadaye nchi hiyo ikaweka kiwango cha lazima cha usalama kwa mbeleko za kupitisha begani, kilichoanza kutumika mwaka 2018. Ninazitaja takwimu hizi kwa sababu ya umri wa watoto hao. Hatari imejikusanya katika miezi minne ya mwanzo, kabla shingo haijakaza, nayo ndiyo miezi ambayo mzazi hushawishika zaidi na kitambaa kinachomkunja mtoto kwa kisingizio kwamba ndivyo alivyokuwa tumboni. Tumboni mtoto hakuwa akivuta hewa kwa mapafu yake.

Kwa hiyo nasema kwamba anayechagua mbeleko ya mtoto mchanga aanze na kidevu. Mbeleko ifaayo humweka mtoto wima, kifua chake kikiwa juu ya kifua cha mbebaji, uso wake ukiwa umegeuzwa upande na kuonekana bila kufunua kitu chochote, na kidevu kikiwa kimeinuka kiasi cha kupitisha kidole kimoja au viwili chini yake. Nchini Uingereza wadau wa mbeleko waliweka kanuni fupi zinazosema yaleyale: kitambaa kikaze, mtoto aonekane wakati wote, kichwa chake kiwe karibu kiasi kwamba mbebaji akiinama kidogo anaweza kukibusu, kidevu kisiguse kifua, na mgongo uegemezwe. Ya kukaza ndiyo inayopuuzwa zaidi, kwa kuwa wazazi wengi huona kumfungia mtoto kwa kukaza ni kumtesa. Ukweli ni kinyume chake. Kitambaa kilicholegea ndicho kinachomwacha mtoto ateleze chini na kukunjika, na ndicho hichohicho kinachomchosha mbebaji, kwa sababu mzigo ulio mbali na mwili huvuta mabega zaidi ya mzigo uliogandamana nao.

Baada ya kidevu huja nyonga. Mtoto anapozaliwa, sehemu kubwa ya tundu la nyonga yake bado ni gegedu laini, na kichwa cha mfupa wa paja hukaa vizuri ndani ya tundu hilo pale mapaja yanapotanuka na magoti yakapanda juu kidogo kuliko matako, mfano wa chura aliyechutama. Mbeleko inayofaa humwegemeza mtoto chini ya mapaja, kutoka goti hadi goti, wakati ile inayompitishia ukanda mwembamba katikati ya miguu humwacha akining'inia kwa uzito wake wote huku miguu imenyooka kuelekea chini. Sidai kwamba saa moja ya kuning'inia itamharibu mtoto nyonga, lakini anayenunua kifaa cha kutumika kila siku kwa miezi sita ana sababu ya kuuliza swali hili mapema, hasa ikiwa katika familia kuna aliyezaliwa na tatizo la nyonga. Mtoto mchanga hahitaji kulazimishwa kutanua miguu kupita kiasi. Apandishwe magoti tu, nayo mapaja yatajitafutia nafasi yake.

Nikija kwenye aina zenyewe, maoni yangu hayafichiki: mbeleko ya mfuko isiuzwe kabisa kwa ajili ya mtoto mchanga, hata ikiwa imepambwa vipi. Kwa wiki za mwanzo mimi hupendekeza kitambaa kirefu kinachovutika, cha pamba iliyofumwa kama ya fulana, chenye urefu wa mita tano hivi, kinachozungushwa mwilini na kufungwa kabla mtoto hajaingizwa. Uzuri wake ni kwamba humshika mtoto pande zote na kugawa uzito juu ya mabega mawili na mgongo. Ubaya wake ni kwamba huonekana kama mlima wa nguo siku ya kwanza, na anayekifunga kwa kubahatisha hukiacha kikilegea. Kitambaa hicho kipitishwe mara tatu juu ya mgongo wa mtoto, maana tabaka moja linalovutika haliwezi kumzuia mtoto anayejirusha nyuma ghafla. Anapozidi kilo saba au nane kitambaa huanza kushuka, na wakati huo mzazi atafute kingine kisichovutika.

Mbeleko ya pete, yaani kitambaa cha kupitisha begani kinachokazwa kwa pete mbili, huvaliwa upesi na kuvuliwa upesi, na humfaa mno mama anayenyonyesha, mradi akumbuke kumrudisha mtoto wima baada ya kunyonya badala ya kumwacha alale palepale alipo. Kasoro yake ni kwamba bega moja hubeba kila kitu. Anayeichagua atandaze kitambaa mpaka kifunike mwanzo wa mkono, aziweke pete chini kidogo ya mfupa wa mtulinga, na azikague kwa macho na kwa vidole, kwa sababu pete za kubebea mtoto hazipaswi kuwa na alama ya kuungwa, na zile za mapambo zinazouzwa kwa washonaji hazikutengenezwa kuhimili uzito wa kiumbe. Nimewahi kuiona pete iliyonyooka na kubaki kama ndoano, na bahati njema ilikuwa imebeba mfuko wa mchanga wa kufanyia majaribio.

Kuhusu mbeleko za mikanda na vifungo vya plastiki nitasema machache. Nyingi zimeandikiwa uzito wa chini, mara nyingi kati ya kilo tatu na tatu na nusu au zaidi kidogo, na mtoto asiyefikia uzito huo asiingizwe kwa hoja kwamba atakua. Zile zinazomwezesha mtoto kutazama mbele si za mtoto ambaye bado hawezi kuinua kichwa mwenyewe. Sababu hiyohiyo inahusu kubebwa mgongoni: mtoto wa wiki chache aliye mgongoni haonekani, na asiyeonekana hawezi kuangaliwa kidevu.

Starehe ya mbebaji nayo si ya kubezwa, kwa sababu mzazi anayeumia hulegeza kitambaa ili apumue, na hapo tunarudi kulekule tulikoanzia. Mama aliyejifungua kwa upasuaji aepuke mkanda unaokaa juu ya kovu, na atafute aina inayofungwa juu zaidi. Baba na mama wasiolingana maumbo wasidhani kwamba mbeleko iliyoshonwa kwa kipimo kimoja itawatosha wote wawili (mume wangu alivaa ya kwangu mara moja tu, mtoto akaishia karibu na kitovu chake). Joto pia lipewe uzito: kitambaa ni tabaka la nguo, na tabaka tatu ni nguo tatu, hivyo mtoto avikwe kidogo kuliko kawaida na apapaswe kisogoni mara kwa mara kuona kama anatoka jasho. Na anapohitaji kuokota kitu, mbebaji akunje magoti huku mkono mmoja ukiwa juu ya kichwa cha mtoto. Jikoni penye moto na juu ya baiskeli si mahali pa mbeleko.

Yote haya hayaonekani pichani. Ndiyo maana naona si haki kwa muuzaji kukataa mbeleko ijaribiwe kabla ya kulipiwa, ama na mtoto mwenyewe akiwa ameshiba na ametulia, ama na mdoli mzito wa kilo tatu hivi. Robo saa ya kutembea, kuketi na kuinama itamwonyesha mnunuzi kama kitambaa kinashuka, kama bega linakatwa, na kama kidevu kinabaki pale kilipowekwa.

Wapo watakaosoma barua hii na kuhitimisha kwamba heri wasitumie mbeleko kabisa. Nisingependa iwe hivyo. Utafiti uliofanyika Montreal na kuchapishwa mwaka 1986 ulionyesha kwamba watoto waliobebwa zaidi, mikononi au kwa mbeleko, walilia kwa muda pungufu kwa asilimia 43 walipofikia wiki sita, ingawa majaribio ya baadaye kwa watoto wenye msokoto wa tumbo hayakuleta nafuu ya namna hiyo. Hata utaratibu wa kangaruu kwa watoto njiti, ulioanzia Bogotá nchini Kolombia mwishoni mwa miaka ya 1970, hutumia kitambaa kumfunga mtoto kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi. Msomaji atazame mtoto huyo hufungwaje: wima, kichwa kimegeuzwa upande na kuinuliwa kidogo ili njia ya hewa ibaki wazi. Hiyo hata hivyo ni huduma inayosimamiwa na wauguzi, na mzazi wa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, mwenye uzito mdogo au mwenye shida ya kupumua, ikiwamo mafua makali, amwone daktari au mkunga kabla ya kutumia mbeleko yoyote ya dukani.

Ombi langu kwako, Mhariri, linahusu picha. Kurasa za familia hupambwa mara nyingi na watoto wachanga waliozamishwa ndani ya vitambaa, nyuso zimefunikwa, videvu vimelala vifuani, na chini yake pameandikwa maneno matamu kuhusu mapenzi ya mama. Mzazi mpya hujifunza kufunga mbeleko kwa macho kabla hajajifunza kwa maelezo, na picha hizo humfundisha vibaya. Ninaomba mhariri wa picha, kabla ya kuipitisha picha ya namna hiyo, iwe ya habari au ya tangazo, atafute kwanza pua na kidevu cha mtoto, na asipoviona, aiache.

Wako mtiifu,
Mama wa watoto wawili