Kwa nini hatuongezi "gunia ishirini tu"

Wiki iliyopita mteja mmoja aliondoka yadi yetu ya malori Mbale akinung'unika kwamba tumemwibia. Alikuwa na gunia 340 za mahindi kutoka Kapchorwa, za kwenda Kampala, na akasisitiza kila gunia ni kilo 100. Tulipima kumi: wastani kilo 114. Lumbesa hasa, yaani magunia yaliyojazwa kupita kipimo. Kwa hesabu hiyo mzigo wake ulikaribia tani 39.

Lori letu lina ekseli 6, yaani mihimili sita inayoshika magurudumu. Sheria ya Afrika Mashariki inaliruhusu tani 50 kwa jumla, na gari lenyewe na trela yake, likiwa tupu, ni tani 18. Zinabaki 32. Tukamwambia: gunia 270 zipande hapa, 70 zilizobaki zichukuliwe na Fuso, lori dogo. Ndiyo, bei ikapanda. Fuso nayo ina dereva, dizeli na matairi.

Akaenda kwa mwingine aliyekubali kubeba zote. Huko Magamaga, njiani kwenda Kampala, mizani ya barabarani ikamkatalia. Mzigo uliozidi ukashushwa, faini ikalipwa, mvua ikanyesha juu ya magunia, na mwishowe akatafuta gari la pili hukohuko njiani, kwa bei ya mtu aliyekwama.

Wengi hudhani mizani hutazama jumla pekee. Hapana, kila ekseli hupimwa. Ekseli moja yenye matairi manne ukomo wake ni tani 10. Ukiibebesha 12, lami haiumii kwa moja ya tano tu zaidi. Inaumia karibu mara mbili. Ndiyo maana utingo wetu hutumia saa nzima kupanga magunia mbele na nyuma, na ndiyo maana hatupendi kuharakishwa wakati wa kupakia.

Lakini mimi siogopi faini kama ninavyoogopa mteremko. Nilipokuwa utingo bado, tulishuka kutoka Kapchorwa na mzigo uliozidi. Dereva alitoa gia ili kuokoa dizeli, akategemea breki peke yake. Tulipofika katikati, moshi ulikuwa unatoka kwenye magurudumu ya nyuma na pedali inazama bila kitu. Uzito ukizidi, joto linaloingia kwenye breki linazidi pia, na zikishapata moto kupita kiasi hazishiki tena. Mbele yetu kulikuwa na boda boda iliyombeba mama na mtoto mgongoni. Dereva aliliingiza lori kwenye tuta la udongo. Tulipona sote, na yule mama alipita bila kujua. Mimi bado ninamwona.

Matairi nayo yana habari yake. Tairi lililobebeshwa kupita kiasi hupasuka adhuhuri, lami ikiwa moto, na likipasuka ndani ya msitu wa Mabira, ambako magari yanapishana kwa kubanana, trela huvuta upande wa pili kabla dereva hajashika usukani vizuri.

Kwa hiyo ukitupigia simu, usituambie idadi ya magunia peke yake. Pima kumi kwanza, kisha utupe wastani. Kama huna mizani, yetu ipo yadini na kupima ni bure. Mahindi yakiwa hayajakauka sawasawa, sema mapema, kwa sababu unyevu ni kilo pia na utazilipia nauli hadi Kampala.