Barua ya wazi kwa mpwa wangu unayekesha mbele ya skrini za roboti ya baharini

Mpwa wangu,

Salamu nyingi huko meli ilipo. Umeuliza kama kile kitu chembamba kilichopita mbele ya kamera, kikijipinda na kujinyoosha, kilikuwa kipande cha kamba au mdudu. Umesema kilikuwa na "miguu mingi pande zote mbili, inapiga kwa zamu". Basi si kamba. Ni mnyoo anayeogelea. Nakujibu hadharani kwa sababu unao wenzako wengi wanaolinda skrini kama hizo usiku kucha, na bila shaka nao wanamwona akipita na kumwacha aende zake.

Kwanza wasahau minyoo ya tumboni na nyungunyungu wa shambani. Hawa ni ukoo wa polikaeti, minyoo wa bahari ambao mwili wao umegawanyika pingili kwa pingili, na kwa kawaida kila pingili ina jozi ya vijiguu. Wengi wao hukaa kwenye tope, chini ya mawe au ndani ya mirija waliyojijengea. Wapo wa ufukweni ambao huogelea mara moja tu maishani: msimu wa kuzaana ukifika, macho yao hukua, vijiguu hupanuka, nao hupanda juu ya maji usiku, hutoa mayai na mbegu, kisha hufa. Ninaokuandikia habari zao wao huishi majini maisha yao yote na hawana haja ya kugusa sakafu.

Uliyemwona, kwa maelezo yako, ni Tomopteris. Yumo katika bahari zote, kuanzia karibu na juu hadi kina cha maelfu ya mita, kwa hiyo hata huko uliko yuko kwao. Aina nyingi ni za sentimita chache tu, ingawa Tomopteris nisseni anaweza kufika sentimita 30. Fikiria tandu aliyetengenezwa kwa kioo. Kichwani ana nyuzi mbili ndefu zinazoelekea nyuma, na kila kijiguu kimegawanyika mwishoni kuwa makasia mawili bapa. Ni mwindaji, hula planktoni, yaani viumbe wadogo wanaoelea na maji, na hata vitoto vya samaki.

Sasa mtazame anavyokwenda, maana hapo ndipo penye uzuri wenyewe. Samaki mkunga akiogelea, wimbi la mwili wake huanza kichwani likashuka mkiani, na wimbi hilo ndilo linalosukuma maji nyuma. Kwa mnyoo huyu mambo ni kinyume: wimbi linaanzia mkiani likipanda kichwani, kuelekea kule kule anakokwenda. Mtu akiliona mara ya kwanza hudhani video inachezwa kinyumenyume. Siri iko kwenye makasia. Pale mwili unapobenuka nje, makasia ya upande ule hutanuka na kupiga maji kwa nguvu kuelekea nyuma. Pale mwili unapobonyea ndani, makasia hujikunja na kubanana, yakarudi mbele bila kuzuia maji sana. Wimbi la mwili linayapangia makasia zamu na kuyaongezea urefu wa pigo. Ukipunguza kasi ya video mara nne utaona hakuna kasia linalogongana na jirani yake, hata anapokata kona.

Tena ana mwanga wa ajabu. Viumbe wengi wa kilindini hutoa mwanga wa buluu, kwa kuwa buluu ndiyo inayosafiri mbali zaidi ndani ya maji, na macho ya wengi huko chini yamezoea rangi hiyo tu. Tomopteris kadhaa hutoa mwanga wa manjano, wenye urefu wa mawimbi wa takriban nanomita 570. Akisumbuliwa, cheche za manjano hutoka kwenye vijiguu zikaelea majini. Kwa nini atumie rangi ambayo majirani zake wengi hawaioni vizuri, hilo bado linabishaniwa.

Lakini ninayemhusudu mimi ni Swima. Alitangazwa kwa wanasayansi mwaka 2009 na Karen Osborn na wenzake, waliomkusanya kwa roboti kama hiyo yenu katika Pasifiki, pwani ya magharibi ya Amerika na huko Ufilipino, kwenye kina cha kati ya mita 1,800 na 3,800 hivi. Waliopatikana walikuwa na urefu wa kati ya sentimita mbili na tisa. Mwili ni angavu kiasi kwamba utumbo unauona wote, na umezungukwa na ute mwororo. Kila upande una safu ya nywele ndefu ngumu zilizopangwa kama pepeo za mkono, na hizo ndizo makasia yake. Huogelea mbele, na akitaka huogelea nyuma vilevile.

Nyuma tu ya kichwa ana vifuko vidogo vya mviringo, hadi vinane. Akiguswa, huachia kimoja au viwili. Kifuko kikishaachana na mwili ndipo kinapowaka kijani kikali, kikaendelea kung'aa kwa sekunde kadhaa kabla ya kufifia, na mnyoo mwenyewe anakuwa ameshaondoka gizani. Inadhaniwa kuwa ni hila ya kumpoteza adui: adui hufuata taa, mwenye taa hayupo. Vifuko hivyo vimetokana na matamvua ya kupumulia. Ndugu zake wa karibu, wakazi wa sakafu ya bahari, wana matamvua ya kawaida mahali pale pale ambapo yeye ana vifuko. Na kwenye mnyoo mmoja hukuta vifuko vikubwa na vidogo pamoja, dalili kwamba vilivyotumika huota tena.

Hapa kuna jambo la kukusaidia kazini: taa za roboti zikiwaka hutaona kifuko kikiwaka. Taa zenu ni kali mno kuliko mwanga wake. Kama msimamizi anakuruhusu, na roboti imetulia mbali na kitu chochote cha kugonga, zima taa kwa sekunde kumi na uache kamera ya mwanga hafifu ikirekodi. Wenzako watalalamika. Waache walalamike.

Wa tatu ni mnyoo-ngisi, Teuthidodrilus samae, aliyepatikana mwaka 2007 katika Bahari ya Celebes, kati ya Ufilipino na Indonesia, kwenye kina cha mita 2,000 hadi 2,900. Huelea mita 100 hadi 220 hivi juu ya sakafu. Ana urefu wa sentimita tisa hivi, na kichwani ana mikono kumi, mingine mirefu kuliko mwili wake. Nane ni ya kuhisi na kupumulia, na miwili iliyojizungusha ni ya kulia. Pamoja na sura hiyo hawindi; huokota chembechembe za mabaki zinazoshuka kama mvua kutoka juu. Jina lake la pili limetolewa kwa heshima ya Wasama, watu wa bahari wa visiwa vile. Wapo pia wasio na haraka wala makasia, kama Poeobius wa Pasifiki ya kaskazini, kifuko cha ute kinachoelea na kutandaza wavu wa makamasi ili kunasa chakula, lakini huyo hana maajabu ya kuogelea, nisikuchoshe naye.

Unajua kwa nini Swima na mnyoo-ngisi wamejulikana kwa kuchelewa? Nyavu. Wavu ukiburutwa maelfu ya mita na kupandishwa meli huleta uji. Ute unachanika, nywele zinakatika, vifuko vya Swima vinatoka vyote njiani. Wanaopatikana wazima ni wale waliosubiriwa na rubani mwenye subira, na rubani ndiye wewe.

Ukimwona, usimkimbilie. Kosa la kwanza la marubani wapya ni kwenda mbio halafu kurudisha nyuma ghafla ili wasimame. Propela zikigeuzwa hutema maji mbele, na mnyoo wa gramu moja anapeperushwa au kuchanwa. Punguza mwendo ukiwa bado mbali, mita tano au zaidi, kisha iache roboti iteleze hadi isimame yenyewe. Kama uko karibu na sakafu usitumie propela za wima, utatibua tope na kazi itaishia hapo kwa robo saa. Afadhali ujipange dhidi ya mkondo, tope likitibuka libebwe nyuma yako. Wakati wa kusi mkondo wa pwani yetu huzidi nguvu na kuvuta kebo, kwa hiyo acha kebo ya ziada ya kutosha kati ya kizimba kinachoishusha roboti na roboti yenyewe, la sivyo kila meli ikipanda wimbi na picha inaruka.

Mwanga usitoke usawa wa kamera. Ukimulika kutoka mbele, chembe zote zilizo kati yako na yeye zitang'aa kama vumbi kwenye mwanga wa jua na mnyoo angavu atapotea. Zima taa za katikati, bakisha zile za kwenye mikono ya pembeni, mwanga umpige ubavuni na nyuma yake kubaki giza. Hapo ndipo kingo za mwili, misuli na utumbo hutokeza. Punguza pia wepesi wa kamera kupokea mwanga mpaka ute wake usionekane mweupe tupu.

Fokasi ya kujiendesha izime. Itahangaika na kila chembe inayopita. Iweke kwa mkono kwenye umbali wa mita moja, kisha sogeza roboti, si fokasi. Miale miwili ya leza ya kupimia, ambayo kwenye mitambo mingi ni sentimita 10 baina yake, ipite mwilini mwake angalau mara moja. Picha nzuri isiyo na kipimo haimsaidii mtaalamu sana. Rekodi dakika mbili au tatu mfululizo: ubavu, juu, halafu kichwa kwa karibu. Kichwa ndicho kitakachompa jina.

Usichanganye. Mnyoo-mshale hana makasia. Husimama tuli kisha huruka ghafla. Kitoto cha mkunga ni bapa kama jani, na misuli yake imepangika kwa mistari iliyovunjika zigizaga. Kipande cha konyeza hakina mbele wala nyuma. Ukiona pingili zinazojirudia, na kila moja ina jozi ya makasia au nywele, huyo ni mnyoo.

Kuhusu kumchukua: bila kibali usithubutu. Kwa Tanzania, vibali vya utafiti hupitia COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Hata video si mali yako. Ni ya aliyekodi meli, na namba za mahali zilizoandikwa pembeni ya picha zinaweza kuwa siri ya kisima cha mafuta au gesi. Omba kwa maandishi kabla hujamtumia mtu, hata mimi.

Kibali kikiwepo, chombo bora ni mtungi wa plastiki angavu wenye vifuniko vya kuteleza pande zote mbili. Ufungue kotekote, mwendee polepole mpaka awe katikati, kisha funga. Usimsukume kwa ukingo wa mtungi. Bomba la kufyonza ni la mwisho kabisa, na kwa nguvu ndogo kuliko zote; kwa Swima tegemea kupoteza vifuko.

Watu hudhani atapasuka akipandishwa, kwa kuwa kwenye mita 2,000 shinikizo ni takriban mara 200 ya lile la juu. Hapasuki, hana mfuko wa hewa. Kinachomwua upesi ni joto. Ametoka kwenye nyuzi mbili au tatu, na maji yetu ya juu yana nyuzi 27. Mtungi ukifika sitahani uingie kwenye friji ya nyuzi 4 mara moja, na maji yake yale yale ya kilindini. Usimwongezee maji ya bomba la meli.

Kabla ya kumhifadhi, mlegeze. Yeyusha gramu 75 za kloridi ya magnesi yenye maji ya fuwele katika maji yasiyo na chumvi, jumla ifike lita moja, uiweke friji ipoe, kisha mwongezee kidogo kidogo mpaka iwe nusu kwa nusu na maji ya bahari. Ukimtia dawa akiwa macho atajikunja na makasia yote yatakunjamana. Akiacha kuitikia mguso, kata kipande kidogo cha mkiani ukitie kwenye ethanoli (alkoholi ya maabara) ya asilimia 95 kwa ajili ya vinasaba, na hilo lifanyike kabla ya fomalini, kwani fomalini huharibu vinasaba. Mwili uliobaki uweke kwenye sehemu moja ya fomalini ya dukani na sehemu tisa za maji ya bahari. Usimtumbukize mzima kwenye ethanoli: ute wote hunywea, ukabaki na kiuzi cheupe kisichotambulika. Vaa glavu, fanya kazi penye hewa. Fomalini si ya mzaha.

Andika tarehe, saa, kina, nyuzi za joto, chumvi, oksijeni na mahali. Andika kwa penseli kwenye karatasi isiyolowa, na karatasi iingie ndani ya chupa pamoja na sampuli. Wino wa kalamu ya maka huyeyuka ethanoli ikivuja, na chupa isiyo na maandishi hakuna jumba la makumbusho litakaloihitaji.

Mjomba wako