Hesabu ya vistari viwili ianzie kwenye mstari

Bwana Mhariri,

Kwa miaka 31 nilikereza vyuma kwenye mashine ya tur hapa Lubumbashi. Leo ni mzee wa Katuba, macho yamechoka, lakini madaftari ya wajukuu bado nayafungua. Wiki iliyopita mjukuu wangu wa mwaka wa nne wa sekondari aliniletea mtihani wake mdogo wa hesabu: alama 4 juu ya 20. Somo lilikuwa thamani kamili, valeur absolue kama wanavyoiita darasani, ikiwa pamoja na alama za "ndogo kuliko" na "kubwa kuliko".

Aliulizwa |x − 7| < −2. Akafuata kanuni hatua kwa hatua, akamaliza na 9 < x < 5. Hakushtuka. Namba iliyokwisha kupita 9 na bado haijafika 5! Nikamuuliza vile vistari viwili maana yake nini. "Nkambo, ni kuondoa alama ya kutoa." Ndivyo alivyofundishwa, na hilo ndilo linaloniuma.

|x − 7| ni umbali kutoka x hadi 7. Basi. Umbali hauwezi kuwa chini ya sifuri, kwa hiyo swali lile halina jibu hata moja.

Kazini nilijua jambo hili kabla sijaona alama yake. Vile vistari aliviandika Mjerumani Karl Weierstrass mwaka 1841. Kupima tofauti ni kazi ya zamani zaidi. Ukipewa kukereza mhimili wa milimita 40, ukaruhusiwa kukosea 0,05 juu au chini, shefu wa atelye, yaani mkuu wa karakana, anachotaka ni |d − 40| ≤ 0,05, yaani unene d usitoke kati ya 39,95 na 40,05. Ukiwa mnene unaurudisha kwenye mashine na kuupunguza. Ukiwa mwembamba umekwisha, ni chuma chakavu. Hesabu haibagui hivyo, yenyewe inapima umbali tu.

Ile iliyokataliwa, |d − 40| > 0,05, tuliitia katika masanduku mawili: myembamba huku, minene kule. Hakuna mhimili uliowahi kulala katika masanduku yote mawili. Ndiyo maana jibu ni "d < 39,95 au d > 40,05", na lile neno "au" lina kazi yake. Sasa kwa |x − 3| > 5 mjukuu wangu aliandika −2 > x > 8, na anasema karibu benchi lake zima liliandika vilevile. Ni kama kusema chuma kimoja ni chembamba mno na kinene mno kwa wakati mmoja.

Jioni hiyo umeme ulikatika. Nilichukua kipande cha makaa, nikachora mstari kwenye sementi ya baraza. Tukasimama kwenye 3, tukahesabu hatua tano kila upande: −2 na 8. Nikampa |2x − 6| > 10. Akagawanya yote kwa 2, akajikuta palepale. Kilichotuchelewesha ni |x + 4| < 1, kwa sababu aliweka kituo kwenye 4. Tulikaa hapo muda mrefu, mpaka alipoona mwenyewe kwamba x + 4 ni x − (−4), kituo ni −4, na jibu liko kati ya −5 na −3. Baada ya hapo alifanya mazoezi sita bila kuniita.

Walimu wetu, najua madarasa yamejaa, programu ni ndefu na Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, haingoji mtu. Lakini nawasihi, wachoreeni watoto mstari kwanza, hata siku mbili nzima, ndipo mlete kanuni. Chombo changu cha kupimia unene bado ninacho, pamoja na vyuma vichache. Shule yoyote ya Katuba ikinihitaji nitavileta asubuhi, na sitaki franga hata moja.

Fundi wa tur mstaafu,
Katuba, Lubumbashi