Saguaro ni mti wa matunda, si wa maji

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu mimea ya jangwani iliambatana na picha ya mmea mrefu wenye mikono iliyoinuka, na chini yake mkaandika kwamba ni mpungate wa Marekani uitwao saguaro, ambao wenyeji huukata wapate maji ya kunywa. Tunaomba nafasi tusahihishe mambo mawili, maana la pili linaweza kumpofusha mtu. La kwanza, saguaro haukatwi kwa ajili ya maji. La pili, mmea uliopigwa picha si mpungate kabisa. Ni mti mkubwa wa jamii ya mnyaa, wa aina ile iliyofanya msitu mzima kando ya Ziwa Nakuru, na utomvu wake ni sumu.

Tuanze na saguaro wenyewe. Mmea huu huota porini katika Jangwa la Sonora peke yake, yaani kusini mwa jimbo la Arizona nchini Marekani na kaskazini magharibi mwa Meksiko, pamoja na michache iliyofika ukingoni mwa California. Hukua polepole mno. Mche wa miaka 10 unaweza kuwa na sentimita 4 tu, umejificha chini ya kichaka kinachoukinga na jua na baridi ya usiku. Huanza kuchanua ukiwa na miaka 35 hivi. Mkono wa kwanza huchipuka kati ya miaka 50 na 75, na penye ukame zaidi unaweza kungoja hadi 100. Uliokomaa hufika mita 12 na huishi miaka 150 au zaidi. Mtu anayekata mmea wa namna hiyo ili apate kikombe cha maji amewanyima chakula watu ambao hawajazaliwa, na hilo Watohono O'odham, ambao jangwa hilo ndilo nchi yao, wanalijua vizuri kuliko sisi sote.

Tena maji yenyewe hayapatikani kwa njia hiyo. Ni kweli shina limejaa maji: mikunjo yake hutanuka baada ya mvua, na mizizi mingi, iliyotandaa karibu sana na uso wa udongo, huyanyonya upesi kabla hayajakauka. Lakini maji hayo hayakai ndani kama ndani ya dafu. Yamo katika nyama yenye utelezi, chungu, yenye asidi na kemikali nyingine za kuulinda mmea dhidi ya wanyama. Mpungate hufungua vitundu vya ngozi yake usiku, hewa ya ukaa ikaingia na kuwekwa akiba kwa umbo la asidi hadi jua lichomoze. Ndiyo maana utomvu wa alfajiri huwa mkali zaidi. Mwenye kiu akiutafuna huishia kichefuchefu, kutapika na kuhara, akapoteza maji mengi kuliko aliyoyapata. Hata ile mipungate mifupi yenye umbo la pipa, ambayo hadithi hii husimuliwa zaidi juu yake, spishi zake nyingi zinatapisha. Watohono O'odham walipata maji kwenye chemchemi za milimani na kwenye mabwawa waliyoyachimba kukinga mafuriko ya mvua za Julai na Agosti, na mashamba yao ya mahindi na maharage waliyalima penye midomo ya makorongo, mafuriko yanapotawanyika.

Wanachokitafuta kwenye saguaro ni tunda, na kazi yake ina utaratibu ambao makala haikuugusa.

Maua meupe huchanua mwishoni mwa Aprili hadi Juni. Hufunguka usiku na kufunga mchana unaofuata, kwa hiyo kila ua lina muda mfupi sana wa kuchavushwa, na kazi hiyo hufanywa na popo, nyuki na njiwa wa mabawa meupe. Matunda huiva Juni hadi mwanzoni mwa Julai, wakati ambapo jangwani vinavyoiva ni vichache na joto linapita nyuzi 40. Kwa Watohono O'odham huo ndio mwezi unaofungua mwaka.

Upembo wa kuangulia, wanaouita ku'ipad, hutengenezwa kwa mbavu za saguaro uliokufa. Nyama ikishaoza hubaki fito ndefu, nyepesi na ngumu. Mbili au zaidi huunganishwa kwa kupishanisha ncha na kuzifunga imara, siku hizi kwa waya, hadi upembo ufike mita 4 au 5 au zaidi, kwa kadiri ya mimea ya mahali hapo. Karibu na ncha hufungwa kipande kifupi cha mti mgumu, kimekaa mshazari, na wengi huongeza cha pili chini kidogo. Kwa hivyo upembo mmoja unasukuma na kuvuta. Mbao za dukani zinaweza kufika juu, lakini uzito wake huuchosha mkono mapema, na upembo mzito ukiyumba huvunja vichwa vya mikono ambako ndiko maua ya mwaka ujao yatatokea.

Kazi huanza alfajiri na kusimama jua linapokuwa kali. Tunda lililoiva lina ganda lenye wekundu, na mengi hupasuka yakiwa bado juu, kila ganda likafunguka pande tatu au nne zenye rangi nyekundu ndani. Wageni huyadhani maua. Tunda la namna hiyo likiguswa kidogo tu huanguka. Likishikilia, liache, kwa sababu bado halina utamu. Lililopasuka siku nyingi nalo huwa limeshaliwa na ndege na sisimizi, ila lile lililokaukia juani bila kuoza huokotwa na kuliwa kama tende. Kwenye ncha ya tunda hubaki ua lililokauka, na kitako chake ni kigumu na kikali. Hicho ndicho kisu: hubanduliwa, hupasulia ganda, kisha kidole gumba hukokota nyama nyekundu na kuitia ndooni. Ganda huachwa chini, upande mwekundu ukiangalia mbingu, kuomba mvua. Na si matunda yote yanayoangushwa. Ya juu kabisa huachiwa ndege na popo, ambao ndio wanaosambaza mbegu. Tunda moja lina mbegu ndogo nyeusi zinazoweza kufika 2,000, na ni chache mno zinazofaulu kuwa mmea.

Nyama haingoji kesho, maana katika joto lile huanza kuchacha mapema. Hulowekwa katika maji ya kuifunika tu na kuvurugwa kwa mkono hadi ilegee, kisha hutelekwa. Ikichemka na maji yakawa mekundu sana, huchujwa kwa kung'uto au kitambaa, makapi na mbegu vikatengwa. Maji yaliyochujwa hurudishwa motoni bila kufunikwa, yakachemshwa taratibu mpaka yageuke shira nzito ya rangi ya damu ya mzee. Hakuna sukari inayoongezwa. Mambo matatu huiharibu. Mchanga usiotulizwa na kuchujwa mara ya pili hubaki mdomoni milele. Moto mkali mwishoni huunguza sukari ya tunda, shira ikawa chungu, kwa hiyo kuni hupunguzwa na mwiko hauachwi. Na shira iliyoepuliwa mapema, ikiwa bado nyepesi, huchacha ndani ya chupa. Ndoo kubwa ya nyama hutoa shira kidogo, ndiyo maana inathaminiwa sana na hutolewa kama zawadi.

Sehemu ya shira huchanganywa na maji kwenye mitungi na kukaa siku mbili tatu karibu na moto mdogo, chini ya uangalizi wa wazee, ikawa pombe isiyo kali inayoitwa nawait. Si pombe ya biashara wala ya kila siku. Hunywewa katika sherehe ya kuita mawingu, na yote humalizwa kwa wakati mmoja kwa kuwa haikai, inageuka siki upesi. Baada ya hapo watu husubiri mvua ya kupandia. Makala iliita jambo hili "ulevi wa jangwani". Hiyo ni ibada ya watu, na tunaona neno hilo halikustahili kuchapishwa.

Mbegu zilizochujwa huoshwa, huanikwa, hukaangwa kavu na kusagwa unga wenye mafuta mengi. Fito zisizofaa kwa upembo hujengea vivuli, kuta na nyua. Kuna pia kifaa cha ajabu: kigong'ota akitoboa shina ili afanye kiota, mmea huziba kidonda kwa kujenga gamba gumu kuzunguka tundu, na saguaro ukifa na kuoza gamba hilo hubaki zima. Watu walilitumia kama chombo cha kuwekea vitu. Leo kuung'oa, kuuhamisha au kuuharibu saguaro huko Arizona bila kibali ni kosa la jinai.

Sasa turudi kwetu, ambako ndiko hatari iliko. Mipungate asili yake ni bara la Amerika. Spishi moja tu ndiyo inayoota porini Afrika bila kuletwa na watu, nayo ni mmea mwembamba unaoning'inia juu ya miti ya msituni, si wa jangwani. Mingine yote tunayoiona ililetwa, ukiwemo mpungate wa majani bapa ulioenea Laikipia hadi kuziba malisho. Tunda lake linalika, lakini ganda lina vimiba vidogo kuliko unywele vinavyoshika mkononi, midomoni na kooni. Lishike kwa koleo au kijiti, lipitishe juu ya moto hadi vimiba viungue, lisugue, likate ncha zote mbili, kisha lichane ubavuni na kulivua ganda. Mfugaji wa Laikipia hahitaji kuelezwa vimiba hivyo vinafanya nini: mbuzi wanaokula matunda mabichi hupata vidonda vya ulimi, fizi na utumbo, na wengine hupofuka.

Ile mimea yenye umbo la kinara, mirefu na yenye pembe, kama ule wa picha yenu, si mipungate. Wala mnyaa wa uani si mpungate, ingawa wauza maua wengi huiita yote kwa jina moja. Tofauti zinaonekana bila kukata kitu. Miiba ya mpungate hutoka katika kifundo kidogo chenye manyoya, mara nyingi mingi pamoja. Miiba ya ile miti ya kinara hukaa miwili miwili kwenye ukingo wa pembe. Ua la mpungate ni kubwa lenye petali nyingi, lakini la jamii ya mnyaa ni dogo, la manjano au kijani, na halina petali. Halafu kuna utomvu: tawi la mnyaa likivunjika hutoa maziwa meupe papo hapo. Ipo mipungate michache yenye maziwa pia, kwa hiyo usikate ili kujaribu. Angalia miiba na maua.

Msomaji aliyeambiwa kwamba mmea wa umbo hili hutoa maji, akakutana na mti wa kinara njiani akiwa na kiu au akitaka kuwaonyesha wenzake, ataukata na kupigwa na maziwa hayo usoni. Kwenye ngozi huwasha na kutoa malengelenge. Yakimezwa huunguza mdomo, koo na tumbo. Jichoni huchoma, na ubaya wake ni kwamba maumivu na ukungu wa macho huweza kuzidi saa kadhaa baadaye, mtu akiwa ameshajiambia kuwa yamepita.

Likitokea, usifikiche. Fungua kope kwa vidole vilivyonawishwa kwa sabuni na mimina maji safi mfululizo kwa dakika 15 au 20, kutoka upande wa pua kwenda nje ili jicho la pili lisipate. Anayevaa lenzi azitoe. Usitie maziwa ya mama, mafuta, asali wala dawa ya macho iliyobaki nyumbani. Kisha nenda kliniki ya macho siku hiyohiyo hata kama jicho limetulia, na mweleze mhudumu ni mmea gani, ukiweza mpelekee picha yake. Nguo zilizorukiwa zifuliwe peke yake. Anayepogoa ua wa minyaa avae miwani na glavu, apogoe upepo ukiwa mgongoni, na asichome matawi mabichi, maana moshi wake unawasha macho vilevile.

Tunaomba picha ile iondolewe kwenye toleo la mtandaoni, na marekebisho yachapishwe ukurasa uleule uliobeba makala, kwa ukubwa utakaoonekana.

Wakuza mimea ya nchi kavu,
Nakuru