Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Umoja wa Kwaya, Dodoma: Mwaka 2025

Tumsifu Yesu Kristo!

Mapadri walezi, walimu wa kwaya, wanakwaya wenzangu,

Habari za fedha namwachia mhazini, ambaye taarifa yake mmeshagawiwa. Niseme tu kwamba michango ya kila mwezi bado inasuasua, na wadaiwa wanajijua. Semina ya nota ilifanyika, na kwaya za vigango ziliitikia vizuri kuliko za mjini. Muda wenu nautaka kwa jambo lililotugawa mwaka huu, yaani uamuzi wa kamati kuhusu muziki wa Majilio, kipindi cha Jumapili nne za kungojea Noeli.

Mnajua tulivyozoea. Novemba haijaisha, video za Noeli zimesharekodiwa, vitenge vya sare viko kwa fundi, kinanda kimefungwa mdundo wa kuchezesha. Jumapili ya kwanza ya Majilio padri amevaa zambarau, sisi tunashangilia kwamba mtoto amezaliwa. Mkesha ukifika, wimbo umeshachuja. Kamati ikaamua kwamba kuanzia Jumapili ya tarehe 30 Novemba hadi kabla ya Misa ya Mkesha, wimbo wa Noeli usisikike kanisani, na kinanda kisindikize sauti tu.

Wapo walioona huo ni ukali wa wazee. Lakini Mwongozo wa Misale ya Kirumi, namba 313, unataka vyombo vitumike kwa kiasi wakati wa Majilio, furaha kamili ya kuzaliwa kwa Bwana isitanguliwe. Hata Utukufu (Gloria), wimbo wa sifa wa mwanzo wa Misa, hauimbwi Jumapili hizo. (Aleluya inabaki palepale. Nalisema kwa faida ya kwaya moja iliyoiondoa ikidhani tuko Kwaresima.)

Faida yake niliiona Jumapili ya nne. Antifona ya mwanzo siku hiyo, yaani aya fupi inayoimbwa kufungua Misa, imetoka Isaya 45:8, pale nabii anapoziomba mbingu zidondoshe haki na nchi ifunguke ichipushe wokovu. Sehemu nyingine maneno hayo yanaweza kupita kama mashairi tu. Kwetu Desemba ndiyo mwezi wa kutazama mawingu. Nusu ya walioketi kwenye mabenchi wameshapanda mtama au uwele, wengine walitupia mbegu kwenye udongo mkavu, na mvua ya kwetu ni ya msimu mmoja; ikikosea njia hakuna vuli wala masika ya kukuokoa. Antifona iliimbwa polepole, sauti tupu, besi wakishikilia noti moja chini. Mwalimu alikuwa amewazuia teno wasiingie mpaka kimya kipite, na kimya hicho walikifanyia mazoezi kuliko noti zenyewe, maana mkono wa mwanakwaya ukiona nafasi hutaka kupiga makofi. Watu hawakugeuka kutazama kwaya. Kwangu hicho ndicho kipimo cha muziki mtakatifu: msikilizaji aende kwenye Neno, asiishie kwenye sauti yako.

Jaribio la pili lilikuwa antifona saba za tarehe 17 hadi 23 Desemba, zinazoimbwa kwenye Masifu ya Jioni, sala rasmi ya Kanisa ya jioni, pamoja na Wimbo wa Maria. Kila jioni Kristo anaitwa kwa jina jingine: Hekima, Adonai, Shina la Yese, Ufunguo wa Daudi, Mapambazuko, Mfalme wa mataifa, mpaka Emanueli. Kila moja inaishia kwa ombi moja, njoo. Mahudhurio yalikuwa hafifu siku za mwanzo, nami sikushangaa, wiki ile watu wako stendi na sokoni. Waliofika waliimba wote, kwa kuwa kiitikio kifupi hakihitaji karatasi.

Kwenye zile jioni tuliweka kinanda pembeni tukatumia ala za Wagogo: ilimba, ya vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, na zeze la nyuzi. Wagogo walikuwa wakiimba kwa sauti kadhaa zinazopishana kabla hatujafundishwa soprano na alto, na marehemu Hukwe Zawose alizifikisha ilimba na zeze kwenye majukwaa ya dunia. Ajabu ni kwamba kanisani tunazionea haya. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu Liturujia, iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963, inataka muziki wa asili wa mataifa uheshimiwe katika ibada. Ilimba haina makelele; inafaa kungojea.

Vijana walilalamika kwamba bila spika kubwa Mkesha ungepoa. Nawakumbusha kwamba Stille Nacht (Usiku Mtakatifu), wimbo wa Noeli ambao kila parokia inauimba, ulisikika mara ya kwanza tarehe 24 Desemba 1818 kule Oberndorf, Austria, kwa sauti mbili na gitaa. Na Mkesha wetu haukupoa. Utukufu ulipoanza, baada ya kukosekana Jumapili zote nne, kengele zikalia, akina mama wakapiga vigelegele, vyombo vyote vikafunguliwa, vijana wakapiga mdundo wao mpaka wakaridhika. Sikusikia mtu akiulizia spika.

Kamati inapendekeza utaratibu huu uendelee. Majilio ya 2026 yataanza tarehe 29 Novemba, hivyo nota za antifona zitagawiwa kwa walimu mwezi Septemba, zikiwa zimeandikwa kwa solfa kwa ajili ya vigango visivyo na kinanda. Kwaya yenye mpiga zeze au ilimba ipeleke jina lake kwa katibu leo kabla ya chakula. Hoja ya sare mpya itajadiliwa baada ya taarifa ya mhazini, na mwenye deni hatapiga kura.